Maharage Nayo Yana Njaa

Leo tuongee maharage, na nitaanza na sentensi ambayo kila aliyeshika jembe bonde la Kilosa ameisikia, kama hakuisema mwenyewe: maharage hayahitaji mbolea. Utaisikia Kilangali, utaisikia Ulaya yetu ya Kilosa, utaisikia sokoni Mikumi. Mahindi yanawekewa mbolea. Mpunga unawekewa ya kupandia na ya kukuzia. Maharage yanapandwa tu, yanapaliliwa mara moja Mungu akipenda, na mwenye shamba anaondoka zake akiamini mmea huo unajipikia wenyewe.

Kauli hiyo haikuzuka hewani. Ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu hiyo ndiyo iliyotuponza. Uongo mtupu tungeshaugundua zamani.

Kwa asiyefika huku: Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, nchi ya tambarare inayopokea maji yanayoshuka kutoka milimani. Ukitaja Kilangali, mtu wa Morogoro anawaza mpunga kwanza, na ana haki, maana hata Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, wana shamba lao la mbegu huko. Maharage ni mgeni kidogo kwenye joto hili. Bonde la Kilosa liko takribani mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali maharage yanapenda kuanzia mita 1,000 kwenda juu. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku ukagoma kushuka chini ya nyuzi 20, maua yanapukutika kabla hayajafunga maganda. Ndiyo maana anayelima maharage tambarare kwa akili anasubiri. Masika iishe, mpunga utoke, usiku uanze kupoa kuanzia Mei, ndipo anatumia unyevu uliobaki ardhini. SUA, chuo chetu cha kilimo pale Morogoro, waliliona jambo hili mapema. Mbegu yao ya SUA 90 waliitoa mwaka 1990 wakiwafikiria wakulima wa maeneo yasiyo na baridi ya Mbeya wala Lushoto. Wenzetu wa juu, Lumuma na vijiji vya milima ya Rubeho, wana hali ya hewa nzuri zaidi kwa maharage, lakini wana udongo mwekundu wenye visa vyake. Nitaufikia.

Basi hiyo nusu ya ukweli ni ipi? Hewa tunayovuta, asilimia 78 yake ni naitrojeni, kirutubisho kilekile tunachokinunua kwenye mfuko wa Urea. Mahindi yanasimama katikati ya hewa hiyo yakifa njaa, kwa kuwa hayana njia ya kuichukua. Jamii ya mikunde, yaani maharage, kunde, choroko, mbaazi na karanga, ilishapatana zamani na bakteria wa udongoni waitwao raizobia. Bakteria wanaingia mizizini, mmea unawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao wanaugawia naitrojeni waliyoinasa hewani.

Hili si la kuambiwa, unaweza kuliona kwa macho yako. Subiri maharage yaanze kutoa maua. Usiuvute mche kwa shina, vinundu vitakatikia ardhini. Chimba kwa pembeni, inua mche pamoja na bonge lake la udongo, utumbukize kwenye ndoo ya maji na uache mpaka udongo uachie wenyewe. Utaona vitu vidogo vya mviringo, vingi havizidi punje ya mtama, vimeng'ang'ania mizizi. Kwanza hakikisha ni vyenyewe. Kinundu cha raizobia kiko ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki, na huo ni ugonjwa. Ukishajua kipi ni kipi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa cha rangi ya waridi au chekundu, kazi inafanyika. Wekundu ule unatokana na protini iliyo ndugu na ile inayoipa damu yetu rangi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hapo umewafuga wapangaji wasiolipa kodi.

Na hata wanaolipa hawalipi sawa. Katika ukoo mzima wa mikunde, maharage ni mvivu, samahani kwa neno hilo. Kunde na mbaazi zinanasa naitrojeni vizuri zaidi, na bakteria wanaozifaa wamejaa kwenye udongo wetu wa joto. Maharage yanachagua wenzi. Ipo dawa ya kuchanja mbegu kwa bakteria hao kabla ya kupanda. SUA waliwahi kuitengeneza wakaiita Nitrosua, na Kenya wanayo ya kwao, Biofix. Ukiipata, changanya kivulini na upande siku hiyohiyo, kwa kuwa jua linaua bakteria. Ila kuipata kwenye duka la pembejeo la kijijini ni shughuli nyingine, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nije kwenye nusu isiyosemwa. Raizobia hawaleti fosforasi. Hawaleti potasi, wala salfa, wala zinki. Zaidi ya hapo, kazi yenyewe ya kunasa naitrojeni inakula nguvu nyingi, na ndani ya mmea nguvu husafiri kwa fosforasi. Udongo ukiwa na upungufu wa fosforasi, mizizi inakuwa mifupi, vinundu vinakuwa vichache na vidogo, na mmea tuliotegemea ujipatie naitrojeni unaishia kukosa vyote viwili. Mkulima anaona majani yamekuwa ya njano. Anakwenda dukani.

Mazungumzo ya pale dukani nayajua, na wewe unayajua. "Kaka, maharage yangu yamepauka, nipe mbolea." "Mama yangu, weka Urea, wiki moja tu utayaona." Na kweli, wiki moja majani yanakuwa ya kijani kibichi, yanatanuka, jirani anasimama njiani kusifia. Lakini mmea ukishapata naitrojeni ya bure hauoni sababu ya kulisha bakteria. Vinundu vinalala. Maua yanachelewa, kivuli cha majani kinatunza unyevu na kualika magonjwa, na tatizo la mwanzo, fosforasi, liko palepale halijaguswa. Siku ya kuvuna anapata mboga ya majani tele na debe moja la maharage. Hapo ndipo ile sentensi inapozaliwa upya: unaona? Nilisema maharage hayataki mbolea.

Ninachosema mimi ni hiki. Maharage yanataka mbolea yake, na kwa muda mrefu tumeyalisha makombo ya mpunga na mahindi: mbolea iliyobaki, kipimo kilichoazimwa, shamba lililochoka.

Hapa Kilangali kuna jambo la ziada ambalo mkulima wa milimani hana habari nalo. Jaruba likijaa maji, hewa inaisha udongoni, na madini ya chuma yaliyokuwa yameishikilia fosforasi yanalegea na kuiachia. Mpunga unaifaidi. Maji yakikauka na hewa ikarudi, chuma kile kinaganda upya na kuikamata fosforasi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mkulima anapanda maharage kwenye jaruba lilelile lililompa magunia ya mpunga wa SARO, halafu anashangaa udongo mzuri namna ile unavyotoa maharage yaliyodumaa. Na si fosforasi peke yake. Ule udongo uliovurugwa ukawa tope kwa ajili ya mpunga hukauka ukawa mgumu, mizizi ya maharage ikapata shida kupenya, na maji yaliyosimama miezi kadhaa yamewapunguza hata bakteria. Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye mpunga kwenda kwenye maharage, mimi namwambia aitoe akilini ile habari ya kwamba mbolea ya mpunga iliyobaki itayatosha. Iliyobaki ipo, ila imefungiwa.

Milimani kisa ni kingine. Ule udongo mwekundu una tindikali, na chuma pamoja na alumini vinaikamata fosforasi mwaka mzima, mvua na kiangazi. Huko ndiko mbolea ya Minjingu inakofanya kazi yake. Mwamba wa Minjingu unachimbwa mkoani Manyara, karibu na Ziwa Manyara. Ni fosfeti iliyotokana na vinyesi na mabaki ya ndege wa majini wa zamani sana. Tindikali ya udongo ndiyo inayouyeyusha taratibu. Uweke mwamba huohuo kwenye mbuga nyeusi ya bondeni yenye chokaa, utakaa pale bila kuyeyuka, maharage yatavunwa nao bado upo. Basi shemeji yako wa Lumuma akikwambia Minjingu imemtoa, anasema kweli. Na wewe ukiijaribu tambarare usione kitu, nawe unasema kweli. Kwa udongo wa chini, wenye pH inayofika 7 au kuipita, yaani usio na tindikali, tafuta mbolea ya DAP au TSP, ambazo fosforasi yake inayeyuka kwenye maji.

Sasa kipimo. Hapa naomba mtu achukue kalamu, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapomwagika.

Wakulima wengi wanapimia kizibo cha soda. Ni kipimo kizuri, kila nyumba kipo. Kizibo kilichojaa kina takribani gramu 5 za mbolea ya chengachenga. Kwenye mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja kwa kila shimo ni kilo 45, yaani karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Hesabu imekaa vizuri. Sasa mkulima yuleyule anapanda maharage sentimita 50 kwa 20. Ekari hiyohiyo sasa ina mashimo yapatayo 40,000. Akitembea na kizibo chake kila shimo, ameweka kilo 200, mifuko minne. Hana fedha za mifuko minne, kwa hiyo mbolea inamwishia robo ya shamba, na robo hiyo yenyewe ameiunguza, kwa maana mbegu ya maharage ikilala juu ya DAP nyingi hivyo haioti au inaota imeungua mizizi. Anarudi nyumbani na ushahidi mwingine kwamba maharage na mbolea haviivani.

Mfuko mmoja kwa ekari unatosha kuanzia. Ukiugawa kwenye mashimo 40,000 kila shimo linapata gramu moja na kidogo, kwa hiyo kizibo kimoja ni cha mashimo manne. Hakuna atakayeweza kugawa kizibo mara nne kwa mkono kutwa nzima, najua. Kwa hiyo achana na mashimo. Vuta kamba, chimba mfereji mwembamba wa kina cha kidole, tembea, na kila hatua moja ya mtu mzima nyunyiza kizibo kimoja kwenye mfereji. Fukia kwa udongo wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu juu, ufukie tena. Mifereji ikiwa imeachana sentimita 50, ekari ina mita kama 8,000 za mifereji, na mfuko utakutosha bila kubaki mwingi wala kupungukiwa.

Ndani ya mfuko huo wa DAP kuna kilo 23 za fosfeti na kilo 9 za naitrojeni. Hizo 9 zisikutishe baada ya yale niliyosema kuhusu Urea. Ni kidogo, ni za kuushika mche mkono kwa wiki tatu hivi za mwanzo, kabla vinundu havijaanza kazi. Kuongeza Urea juu yake ndiko ninakokukataa, isipokuwa umefukua mizizi wakati wa maua ukakuta hakuna kinundu hata kimoja chekundu.

Habari ya kuweka mbolea kidogo karibu na mbegu haikuanzia kwangu. Kati ya 2013 na 2018 mradi wa Trans-SEC, uliowakutanisha SUA na watafiti wa Ujerumani, ulifanya kazi na wakulima wa Ilakala na Changarawe, hapahapa wilayani Kilosa, na mojawapo ya mambo yaliyojaribiwa ni hilo, likiambatana na matuta ya kuzuia maji ya mvua yasikimbie. Kipimo kidogo kina faida moja ambayo wataalamu hawaitaji sana: mkulima anaweza kuthubutu. Mtu anayeogopa kupoteza mfuko mzima hatakuwa na hofu hiyo kwa kilo kumi.

Na fedha je? Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, mfuko wa DAP uliuzwa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imeshapita 100,000. Chukua 70,000 hiyo. Kama maharage unayauza shilingi 2,000 kwa kilo, mfuko unarudi kwa kilo 35 za ziada, hata debe mbili hazijatimia. Tanzania inaongoza Afrika kwa uzalishaji wa maharage, zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, lakini kwa wastani tunavuna tani moja hivi kwa hekta, sawa na magunia manne kwa ekari. Kwenye mashamba ya majaribio, mavuno yanavuka tani mbili. Sisemi fosforasi pekee ndiyo inaziba pengo hilo. Yapo magonjwa, ipo mvua, lipo joto letu hili la Kilangali. Ila kilo 35 si pengo, ni ufa.

Nihame shambani niingie jikoni, maana huko ndiko jambo hili linakonikera zaidi.

Mama aliyempeleka mtoto anayeharisha kwenye zahanati analijua zinki. Anapewa ORS na vidonge vya zinki. Madini yaleyale yanatakiwa yafike kwa mtoto kila siku kupitia sahani, kwa ajili ya kukua na kupambana na maradhi, na kwa nyumba nyingi za Kilosa nyama ni ya sikukuu, kwa hiyo sahani maana yake ni maharage, kunde na mboga za majani. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wamepungua, maana mwaka 2015/16 walikuwa 34. Lakini 30 katika 100, kwenye nchi inayoongoza Afrika kwa maharage!

Mmea hauwezi kutoa zinki ambalo haukulipata. Na udongo unaokaa na maji, kama majaruba yetu, mara nyingi hulifungia zinki, na wenye pH ya juu vilevile. Utaliona pengo hilo kwenye maharage machanga: majani ya juu yanakuwa madogo, yanapauka katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Kibaya zaidi, ukimwaga fosforasi nyingi kwenye udongo wenye zinki kidogo, unalifukuza hata hilo kidogo lisiingie mmeani. Hii ni sababu nyingine ya kuogopa ile mifuko minne ya kizibo.

Habari njema ni kwamba upungufu wa zinki unasikia dawa. Ukiliweka kwenye udongo uliopungukiwa, mavuno yanapanda. Ukilipulizia kwenye majani maganda yanapoanza kujaa, sehemu yake inaingia hadi kwenye punje, kwa hiyo anayefaidika ni mlaji. Salfeti ya zinki, gramu 60 hadi 100 kwenye bomba la lita 20, jioni jua likipoa. Na jaribu mistari michache kwanza kabla hujapulizia shamba zima. Waturuki walipambana na jambo hili kwenye ngano yao ya nyanda za kati za Anatolia miaka ya 1990, wakaongeza zinki kwenye mbolea, wakavuna zaidi na ngano ikawa na zinki zaidi. Wafini walikwenda mbali kuliko hapo. Udongo wao una selenia kidogo, basi mwaka 1984 serikali yao ikaamua madini hayo yachanganywe kwenye mbolea za nchi nzima, wakawalisha watu wao kupitia shamba. Huku kwetu mbolea tunaipima kwa gunia tu. Sijawahi kusikia mgeni rasmi wa Nane Nane akiuliza hili gunia lina zinki kiasi gani.

Chuma ni kesi tofauti, na hapa nawaomba wauzaji wasitudanganye. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, ndicho kinachoupa wekundu. Kukiongeza kwa mbolea hakubadilishi sana kilichomo kwenye punje. Chuma cha maharage kinategemea zaidi mbegu uliyochagua. Kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kimetoa mbegu zenye chuma na zinki nyingi kuliko za kawaida, zikiwemo Selian 14 na Selian 15. Zimezalishwa nyanda za kaskazini, kwa hiyo mtu wa tambarare azijaribu kwa kilo mbili tatu msimu wa baridi kabla hajajitosa.

Kuna jambo moja hapa linalonipa shida, na sitalificha. Mmea unaopata fosforasi nyingi huiweka akiba kwenye punje kwa umbo linaloitwa faitati, na faitati ikifika tumboni inashika chuma na zinki visinyonywe vyote. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: mtangazaji, unatuambia tuweke fosforasi, huku inatunyima chuma? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba iwekwe hata hivyo, kwa kipimo. Nyumba iliyovuna gunia moja inaliuza lote kulipa ada na deni, ikabaki na ugali na mlenda. Nyumba iliyovuna manne inauza matatu. Faitati ya maharage yaliyopo mezani naweza kupambana nayo. Maharage yaliyouzwa siwezi. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, na mkaa utatumia kidogo kuliko siku zote. Pambia kwa nyanya au kamulia ndimu, maana vitamini C inasaidia chuma kunyonywa. Na chai, wapendwa, chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage. Inywe saa moja au mbili baadaye. Najua nimegusa pabaya.

Sasa niulize jambo la nyumbani. Maharage ni ya nani? Nyumba nyingi, mpunga na mahindi ni ya baba, maharage na kunde ni ya mama, yako pembeni, kwenye kipande kilichochoka. Mbolea ya ruzuku inatolewa kwa jina lililoandikishwa kwa mtendaji, na jina hilo mara nyingi ni la baba, na mfuko unakwenda kwenye zao la baba. Mama anapata kisado kilichobaki chini ya mfuko, kikiwa Urea. Wazee wangu, sikusudii kugombanisha watu. Nasema tu kwamba zao linalowalisha watoto wote wa nyumba hiyo ndilo la mwisho kwenye foleni.

Hata samadi inafuata foleni hiyohiyo. Kilosa ina wafugaji wengi, vijiji vyao vya Twatwatwa na Parakuyo si mbali, na maboma yana samadi ya miaka. Mkulima na mfugaji wa wilaya hii wana historia yenye makovu, nalijua hilo, lakini samadi haina ugomvi na mtu: ina fosforasi, ina zinki, inalainisha ule udongo mgumu wa jaruba. Walioanza kubadilishana mabua kwa samadi waendelee.

Halafu kuna hili la kuvuna. Tunang'oa maharage na mizizi yake, tunayabeba nyumbani, tunayapiga kwa fimbo uani, na makapi tunayachoma au mbuzi wanayamaliza. Halafu tunasema tumelima maharage ili kurutubisha shamba. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya maharage tayari iko kwenye punje. Kilichobaki ni mizizi, mabua na maganda, nacho tumekihamishia uani. Kata kwa panga au mundu, mizizi ibaki ardhini. Makapi yarudi shambani, hata kama ni mkokoteni mmoja.

Nimalizie kwa kupima udongo, maana yote haya ya pH na zinki ni kubahatisha kama hujapima. SUA wana maabara Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga kiko hapa Kilosa na kinaweza kukuelekeza, na bwana shamba wa kata aanze kusumbuliwa kuanzia kesho. Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayoharibu majibu. Pita shambani kwa mwendo wa nyoka, chukua udongo sehemu 15 hivi, kina cha sentimita 20, epuka kichuguu, epuka lilipokuwa rundo la samadi, epuka chini ya mti. Changanya kwenye ndoo, toa nusu kilo, anika kivulini. Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati haifai, kwa sababu bati limepakwa zinki, nawe utaletewa majibu ya kwamba shamba lako lina zinki tele kumbe ni la ndoo. Usitumie pia mfuko uliokuwa na mbolea. Jaruba na kipande cha mwinuko kila kimoja kiwe na sampuli yake.

Watakupa karatasi ndogo ya kujaza: kijiji, zao lililopita, zao unalokusudia kupanda. Kwenye mstari huo wa mwisho karibu kila mtu anaandika mpunga au mahindi, na ushauri unaorudi unakuwa wa mpunga au mahindi. Andika maharage.